Vifuniko vya Masanduku ya Risasi

Kapteni aliweza kuvumilia kupoteza watu, lakini si mbao. Sheria ya stoo ya jeshi ilikuwa hii: risasi zikiisha, sanduku hurudishwa melini likiwa tupu, pamoja na kifuniko chake chenye muhuri wa taji.

"Vifuniko vinne havipo," alisema. "Viko wapi?"

Farjala, mtunza stoo, alijua. Juma lililopita kamba ya kupakulia ilikatika, masanduku yakamwangukia mpagazi Mabruki. Siku ya maziko hapakuwa na mbao za viunza mjini, kwa kuwa jeshi lilikuwa limezizoa zote. Farjala akatoa vile vifuniko, vikawekwa juu ya maiti kumkinga na udongo.

"Viko kaburini, bwana. Vimemfunika Mabruki."

Kapteni hakuinua hata macho. "Vifukue. Meli haitaondoka bila mali ya serikali, na wewe hutalala kwako."

Makaburini Farjala alimkuta Bi Zafarani, mamake Mabruki, ameketi kando ya kaburi la mwanawe. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Nisamehe, mama. Nimeamrishwa."

"Chimba," alisema Bi Zafarani. "Ukishavitoa, ulale wewe juu yake, umzuilie udongo."

Farjala akasimama na jembe lake. Huko gatini meli ilipiga honi, ikapiga tena. Bi Zafarani akajisogeza pembeni kidogo, kiasi cha kumpisha mtu mmoja ashuke kaburini.