Fremu Namba Kumi na Nne

Fundi wa milango alikuwa karibu kukata chuma, ndipo Bosibori, msichana aliyechora ramani ya zahanati mpya ya Kebirigo, alipomshika mkono.

"Ngoja, mzee. Nimekosea. Fremu namba kumi na nne ni ya chumba cha kujifungulia. Kitanda hakitapita."

Akafungua kompyuta juu ya rundo la matofali. Kwenye mchoro, kila fremu ilikuwa na namba yake. Akaigusa ya kumi na nne, akaupanua mlango. Papo hapo, katika orodha ya fremu zote, kipimo kikabadilika chenyewe.

Fundi, aliyetengeneza milango miaka thelathini, akaduwaa.

"Binti yangu, umekionaje kitanda ambacho hata hakijanunuliwa?"

"Nilimfikiria mama atakayelala juu yake."

Fundi akaufuta kwa kiganja mstari wa chaki aliokuwa ameuchora kwenye chuma, akapima upya.