Wali wa Hitima

Katika jumba alilokaa Mwantumu, ruhusa ya kutoa hewa chafu ilikuwa kwa mgao, na mgao ulikwenda kwa vichwa. Kila aliyeandikishwa alikuwa na sehemu yake ya taa, ya feni na ya moto wa kupikia, na ukuta wa jikoni ndio uliohesabu. Kwake walikuwa wawili, yeye na mama yake.

Siku ya hitima ya mama, wali ulikuwa bado una kiini jiko lilipojizima. Akabonyeza, likakataa. Akalipiga kofi, likakataa vilevile. Sebuleni watu walikwisha soma, wanasubiri sahani.

"Shoga, nani kakutuma uandikishe kifo kabla wali haujaiva?" aliuliza jirani yake, Mama Nasra, akifunua sufuria. "Sisi babu tulimwacha kwenye orodha mpaka arobaini yake."

"Karani kasema leo ndiyo mwisho."

"Kwani karani ndiye anayekula?"

Mwantumu akaugeukia ukuta. "Nina watu thelathini humu! Hao si vichwa?"

"Wageni hawahesabiwi," ukuta ulijibu kwa upole.

"Basi nipe dakika kumi tu, za mama. Leo hajatumia kitu!"

Taa ya kijani ikawaka ukutani, na Mwantumu akashika mwiko haraka haraka, akidhani umemwonea huruma.

"Hongera, Mwantumu," ukuta ulisema. "Nyumba yako imepunguza hewa chafu kwa nusu. Endelea hivyo hivyo."