Mtaro wa Magwagwa

"Ukikanyaga huku nakukata," Ratemo alisema, panga likiwa mkononi.

Eliakim, dresa wa zahanati, alisimama ng'ambo ya mtaro na sanduku la kwinini begani. Alikuwa amepanda mlima kutoka upande wa ziwa tangu alfajiri. Mtaro ulikata barabara ya Magwagwa, upana wa hatua tatu, maji yake yametulia juani.

"Mzee, nimeitwa. Nimeambiwa kuna wagonjwa."

"Wapo. Homa imetoka kwenu, na wewe umetoka kwenu."

Hilo halikuwa na ubishi. Homa ilikuwa ya watu wa ziwani. Huku juu baridi haikuipa nafasi. Lakini mwaka huo wa 1943 mvua ilizidi, na baridi ya Juni haikuja kabisa. Angwenyi aliporudi kutoka jeshini akitetemeka, watu waliingiwa na hofu. Yeye ni mzaliwa wa hapa, nani angemfukuza? Waliofungiwa njia ni wachuuzi wa samaki. Ratemo ndiye aliyetoa shauri la mtaro, akauchimba na wenzake, wakawa wanaulinda kwa zamu mchana na jioni.

Sasa binti yake Kemuma alikuwa kitandani siku ya tatu, anaweweseka. Dawa ilikuwa hatua tatu tu mbele yake. Ratemo alitaka kulia. Lakini akimvusha dresa huyu leo, kesho watavuka wote, na mtoto wa nani atafuata?

"Binti yangu anaumwa. Nirushie dawa," alisema.

"Sirushi. Nisipomwona mtoto na kumpimia, dawa hii inaweza kumuua."

Eliakim alichuchumaa, akachota maji ya mtaro kwa kikombe cheupe cha bati.

"Kunywa tu," Ratemo alisema kwa dharau. "Ni safi. Hata ng'ombe hatuwaruhusu."

Eliakim hakunywa. Aliyatazama. "Nani mwingine anaumwa?"

"Machogu na Nyangate. Walinzi wenzangu, wanaume wa nguvu zao."

"Na wale wanaokaa kule juu, mbali na hapa?"

"Wazima."

"Binti yako hufika hapa?"

"Huniletea uji jioni. Tunakaa wote mpaka giza liingie. Kuna mtu wa ziwani alituvukia tukisinzia. Siku nikimjua, dresa, nitafungwa kwa ajili yake."

Eliakim aliinuka polepole, kikombe mkononi.

"Aliyemwambukiza binti yako nimempata. Nivushe nimtibu mtoto, nami nitakuonyesha."

Ratemo alisita. Kisha hasira ikaishinda hofu. Aliburuta ubao kutoka kichakani, akautupa juu ya mtaro. Dresa alivuka akipepesuka, lakini kikombe hakikumwagika.

"Haya, nitajie jina," Ratemo alisema, akilishika panga kwa nguvu. "Amevuka lini?"

"Hajavuka." Eliakim alimkabidhi kikombe.

Ndani yake, juu ya ule weupe wa bati, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimejaa, vikijinyonganyonga.

"Hawa ni wazaliwa wa hapa, mzee," Eliakim alisema. "Nyumba mmewachimbia nyinyi."