Chumba cha Nne

"Mabati utayapata leo, Mwalimu," alisema mwenye duka. "Lakini miaka mitatu kodi ya vyumba vyote vinne ni yangu. Baadaye nyumba ni yako."

Upepo ulikuwa umeezua paa la nyumba yangu, nami nilikuwa nimemwahidi vitatu. Cha nne kilikuwa na kitanda cha marehemu mke wangu, Kulsumu. Matofali ya nyumba ile alifyatua yeye, tupate wapangaji hapa Sumbawanga. Ukutani, tofali moja lilikuwa na alama za vidole vyake.

"Kitanda kitupu hakilipi kodi," alisema. "Na matofali mabichi haya, mvua moja tu, kwisha."

Niliweka vidole vyangu kwenye zile alama. Zilikuwa ndogo.

"Shika kitanda huko miguuni," nilimwambia. "Mimi nashika kichwani."