Leo Zege Halikanyagwi

"Unaanzia getini?" mama mkwe aliuliza kutoka kibarazani, miwani puani, begi miguuni. "Mtu mwenye akili zake anaanzia mlangoni, anamalizia getini, anatoka zake."

Mkwe wake alichovya rola kwenye ndoo, akavuta mstari wa kwanza wa dawa ya kuzuia maji juu ya zege la uani, pale pale gari linapoingilia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na yeye ni kinyozi. Kinyozi anayefunga duka Jumamosi, siku ambayo vichwa vinapanga foleni hadi nje, ana lake jambo. Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujiuliza.

Nafasi wangeipata wapi, na mama mkwe anaondoka? Alikuja kumhudumia binti yake alipojifungua kitinda mimba, na kitinda mimba mwenyewe sasa anapanda meza. Teksi ilikuwa ije kabla ya mchana kumpeleka kwa mwanawe wa kiume, mbali huko, akakae moja kwa moja. Binti yake hakutaka aende. Alilia jikoni, akanawa uso, akatoka, akarudi jikoni akalia tena. Ila angemzuiaje? Mama yake na mumewe walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Chumvi, redio, namna ya kukunja mashuka, hata kama leo kuna jua au hakuna: chochote walibishania. Na tangu mvua zianze, walibishania zege.

"Linakunywa maji hili," mama mkwe alikuwa akisema. "Nyufa hizo zitakuja kumeza mtoto na baiskeli yake. Kuna dawa ya kuziba, wenzako wote wanapaka."

"Nitapaka, mama."

"Utapaka nikishakufa."

Na zege lenyewe, tuseme ukweli, lilistahili kusemwa. Lilitandazwa ukuta kwa ukuta, kutoka getini hadi mlangoni, bila hata ukanda wa udongo wa kupitisha mguu. Sasa ghafla, wiki hiyo hiyo ya safari, kinyozi akashikwa na bidii. Alilisugua kwa brashi na sabuni kama kichwa chenye mba. Akatoa doa la oili lililokaa pale miaka, akajaza nyufa, akaliacha likauke barabara. Wanawe walimtazama wasiamini, maana huyu ni mtu ambaye taa ikiungua sebuleni, anahamia chumbani.

Mstari baada ya mstari alirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Mama mkwe alisimamia kazi.

"Umeruka hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo kushoto. Na hapo. Au hata vichwa vya watu unavinyoa hivyo hivyo?"

"Wateja wangu hawajawahi kulalamika."

"Watalalamikaje? Hawajioni kisogoni."

Kinyozi alirudi kushoto akapaka tena, akinung'unika chini kwa chini. Mwisho akapanda kibarazani na ndoo tupu, akavua viatu. Nyuma yake zege lote lilikuwa limelowa, linameremeta hadi getini. Ndipo mkewe alipotoka na chupa ya chai ya safari. Akatazama geti. Akatazama begi. Akamtazama mumewe.

"Baba watoto, mama anapita wapi?"

Kinyozi alijikuna kichwa. "Lo. Hilo sikulifikiria."

"Linakauka lini?"

"Kwa miguu, kesho. Gari, labda keshokutwa." Akatazama mawingu. "Mvua isiponyesha."

Mkewe aliiweka chupa chini taratibu, jinsi anavyofanya akikasirika kweli. "Muda wote huu umegombana naye, nikanyamaza. Leo ndiyo siku ya mwisho. Hata kumuaga mama yangu kwa heshima kumekushinda? Kaka amesafisha chumba, anamsubiri. Nitamwambia nini, kwamba tumemfungia bibi wa watu ndani?"

Kinyozi akaanza kuosha rola ambayo haikuwa na haraka ya kuoshwa.

Aliyefoka zaidi alikuwa mama mkwe mwenyewe. "Nilisema anaanzia vibaya. Nilisema, sikusema? Sasa dereva wa watu atapiga honi pale nje mpaka betri imwishie, na mimi nimekaa hapa kama mzigo wa posta. Haya, rudisheni begi chumbani. Mwaka huu mtanitambua."

Akaingia ndani. Haukupita muda sauti yake ikasikika jikoni, anauliza nani amekata vitunguu vikubwa namna ile, na kisu kiko wapi.

Kinyozi aliosha mikono. Akaenda chumbani, akafunga mlango, akafungulia redio ili asisikike, akampigia dereva wa teksi.

"Bwana, samahani sana," alinong'ona. "Usije leo. Wala kesho. Na nisikilize vizuri: mtu yeyote wa nyumba hii akikupigia, leo au wiki ijayo, mwambie gari ni bovu. Nitakunyoa bure mpaka uote mvi. Huyu mama akiondoka, mimi nyumbani humu nitaongea na nani?"

Dereva akaangua kicheko.

"Hivi nyinyi watu mna nini?" alisema. "Mama mwenyewe alinipigia juzi akafuta safari. Na akaniambia, wewe ukiniuliza, nikwambie gari ni bovu."