Mipira ya Buluu

Kisu kilipopita, mpira ulimwaga unga.

Mkaguzi aliisogeza taa. Kwa nje, mpira ule wa kupitishia hewa ulikuwa vilevile kama ulivyotoka kwenye boksi: nyuzi za buluu zilizofumwa kwa ustadi, pasipo mkwaruzo hata mmoja, na lebo iliyoahidi miaka kumi. Kwa ndani, mahali ambapo mzamiaji hutarajia hewa na si kingine, palikuwa na chembe za njano zilizogandana kama chumvi. Aliupuliza. Pumzi iliingia, ikakwama, ikamrudia mdomoni.

Akaukata wa pili, kisha wa tatu. Wa nne hakuukata. Hofu haihitaji mashahidi wengi.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameukagua kila mpira kama alivyofundishwa: kuukunja pale unapoingia kwenye chuma, kutafuta nyufa kwa ukucha, kusoma tarehe, kuuzamisha majini na kungojea mapovu. Utaratibu huo uliufaa mpira mweusi wa kawaida, ambao huzeeka kama watu, usoni kwanza. Huu wa buluu ulizeekea ndani. Hapakuwa na namna ya kuujua ila kuukata, na ukishaukata huna mpira. Kwa hiyo asubuhi ile aliikunja, akaizamisha, akatia sahihi, kisha akafunga miwili, wa kinywani na wa akiba, kwenye kipumulio cha mumewe.

"Leo utapendeza, Baba Pacha."

"Nitampendezea nani huko chini? Kambare?"

Sasa Baba Pacha alikuwa kwenye sakafu ya bwawa, mita kumi na nane, akikwangua uchafu kwenye wavu wa lango la maji.

Simu ya bwawani iliita mpaka ikakata. Aliipiga tena huku akiteremka ngazi za karakana, ikakata tena. Kutoka pale hadi kwenye ukuta wa bwawa ni mwendo wa dakika kumi. Alikimbia. Kiatu kimoja kilimtoka kwenye changarawe, hakukirudia.

Mshika kamba, mzee waliyemwita Nanga kwa sababu hakuwahi kuharakishwa na kiumbe yeyote, alimwona kwa mbali.

"Shemeji! Umekuja kutukagua na sisi? Mimi nyufa ninazo, nakuambia mapema."

"Yuko chini?"

"Yuko. Na mdogo wako yuko lango la pili, siku yake ya tatu na bado hajameza maji. Ukoo wenu umetuvamia."

"Mpandishe mume wangu, mzee. Mipira yake imeoza ndani."

Nanga aliacha kutabasamu. Aliivuta kamba mara moja, kuuliza hali. Kamba ilitulia. Mkaguzi alihesabu moyoni hadi nane. Ndipo ukaja mvuto mmoja kutoka chini: mzima.

"Umeona? Anapumua."

"Anapumua sasa hivi. Hii haivuji wala haipigi kelele. Inaziba tu, basi."

"Na mdogo wako je?"

"Yeye ana ile myeusi ya zamani. Hiyo haina neno." Ilikuwa na nyufa mbili, ambazo angeweza kuzichora akiwa amefumba macho, na alikwisha kuipangia kustaafu mwezi ujao. "Mpandishe huyu!"

Nanga alivuta mara nne, ishara ya kupanda. Mshika kamba wa lango la pili aliifunga kamba yake kwenye chuma cha ukuta, akaja kusaidia.

"Hatumvuti kama ndoo ya kisima," Nanga alionya. "Akifika mita tano atasimama dakika tatu. Tukimharakisha, mapovu yataingia kwenye damu, na huo ugonjwa hauna mpira wa kulaumu."

Mkaguzi aliyajua hayo. Yeye ndiye aliyeyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa karakana. Alipiga magoti ukingoni akayakodolea macho mapovu. Yalikuja kwa mafungu, yakapasuka, yakapisha mengine. Kila yalipokawia, alijikuta naye ameizuia pumzi yake, kana kwamba angeweza kumwekea akiba. Safari moja yalikawia mno. Mzee alinyoosha mkono kumshika bega, akaurudisha.

"Anapumzika tu, shemeji."

"Nyamaza, mzee. Tafadhali."

Mapovu yakarudi.

Hatimaye kichwa kilitokeza. Wakamkamata mabegani, wakamvutia kwenye ngazi ya zege. Alikitoa kipumulio mdomoni, akakohoa, akamkazia macho mkewe aliyesimama na kiatu kimoja.

"Mama Pacha? Watoto wana nini?"

Mkaguzi alimshika uso kwa mikono miwili, akaisikiliza pumzi yake ikitoka na kuingia. Kisha akaangua kilio cha mtu aliyesamehewa kabla hajakiri kosa. Nanga aligeuka pembeni kwa adabu.

Machozi yalipompungukia alikipapasa kipumulio, akitaka kukitupa mbali naye. Mpira aliougusa ulikuwa mweusi. Ukucha wake uliziona nyufa mbili kabla ya macho.

"Hiki si chako," alisema. "Iko wapi ile ya buluu?"

Mumewe alijipangusa maji usoni. Alionekana kuona haya kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akitenda wema.

"Usikasirike. Tulibadilishana tulipokuwa tunavaa. Ningemshushaje shemeji yangu na mipira yenye nyufa, na mimi nina mipya?" Aliutazama ukuta huku na huku, kana kwamba anamtafuta mtu. "Kwani yeye bado hajapanda?"