Chungu Kilichopendwa na Watu Elfu Tisini

"Laiti mikono ya mtu huyu ingenishika mimi!" mke alisema, akaibusu simu.

Mumewe, fundi wa kuunga vyungu vilivyovunjika pale makumbusho, aliacha kula. Mtu mwenyewe alikuwa mfinyanzi aliyekufa karne nne zilizopita. Binti anayeendesha ukurasa wa makumbusho mtandaoni alikuwa amekipiga picha chungu chake, na ndani ya siku mbili watu elfu tisini walikuwa wamekipenda.

"Na mimi nimefinyanga ujana wangu wote," fundi akasema. "Umewahi kubusu nini changu?"

"Baba watoto, usinivunje mbavu. Vyako si vile vya kuiga vya kale, walivyokuagiza ili watoto wa shule wapate cha kushikashika? Tena enzi hizo mikono haijaanza kutetemeka."

Fundi akainuka mezani. Marehemu kamchukulia mke, na hata kaburi lake halijulikani, akalitemee mate.

Kesho yake binti wa mtandao aliingia karakana amekikumbatia chungu kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mzee. Nifutie vumbi, saa nne tunakionyesha mubashara. Nilikitoa ghalani, rafu ya chini kabisa. Ila namba yake siioni."

"Marahaba. Itakuwa imefutika," fundi akajibu bila hata kuinua kichwa.

Hakutaka kukitazama. Akakitazama. Shingo nyembamba, tumbo la mviringo, chepesi kama ganda la yai. Yeye, na dole gumba lake lenye kovu, alilozoea kulikandamiza kwenye kitako cha kila chungu kama wengine wanavyotia sahihi, angefikia wapi hapo?

"Watu wanaandika kwamba fundi kama huyu hatazaliwa tena," binti akasema. "Mpaka wanaume wanalia, mzee!"

"Nipe kile kitambaa dirishani."

Binti alipogeuka, mikono ya fundi ilianza kutetemeka. Siku zote huibana. Leo aliiacha.

"Mungu wangu! Mzee!"

"Uzee, mwanangu. Uzee tu."

Akapiga magoti kuokota vigae, moyo mweupe kwa mara ya kwanza tangu jana. Kitako kilikuwa kimebaki kizima, kimelala kifudifudi. Katikati palikuwa na alama ya dole gumba, na kovu limeikata mshazari.